Kifaa Kilichounguza Vidole

Ndugu zangu, nataka mumfahamu mama mmoja, Nakijwa, mganga mfawidhi wa zahanati ya huko milimani. Daktari bingwa hawakuwa naye. Walimpata kwa kompyuta, na kompyuta yenyewe ilinasa mtandao kwa kifaa kidogo cha waifai kilichochomekwa ubavuni. Kikizima hicho, zahanati nzima ni bubu.

Basi kikaanza kupata moto. Kinashika mtandao kidogo, kinaunguza vidole, kinazima. Nakijwa akanunua kipya. Nacho kikapata moto vilevile! Na asubuhi hiyo kitandani alilala mzee aliyeshikwa na maumivu ya kifua, kipimo cha moyo wake kinasubiri kutumwa kwa daktari.

Mwingine angekipiga chini. Nakijwa akampigia simu fundi wa hospitali kuu.

"Fundi, hata kipya kinaungua. Niagize kingine?"

"Usiagize, mama. Kama vyote viwili vinaumwa ugonjwa mmoja, basi shida haiko kwao. Ni draiva."

"Draiva? Kompyuta nayo ina dereva?"

Fundi akacheka. "Ni programu ya kukiamuru kifaa. Hiyo yenu ya zamani inakisukuma kwa nguvu zote, hata pasipo na kazi. Kichomoe kwanza, kipoe. Kisha tuiondoe hiyo, tuweke inayokifaa."

Akamfuata neno kwa neno. Draiva mpya akaipakua kwa simu, akaihamishia kwenye kompyuta, akachomeka kifaa. Akakigusa: vuguvugu tu. Kipimo kikaenda, daktari akajibu, mzee akapewa dawa na kupakiwa kwenye gari la wagonjwa akiwa hai. Mnauona utulivu wa mama huyu? Tungekuwa sisi, si tungekuwa tumeshakitupa jalalani?

Lakini sikilizeni. Hata hajakaa, akasikia kelele kwenye dirisha la dawa. Muuguzi wake, Naetwe, anamfokea bibi kizee: "Nimekwambia kaa! Husikii?" Watu wote wakageuka kumtazama Nakijwa. Leo atamfukuza! Na kweli, alishafungua kinywa. Ndipo likamjia wazo: hata muuguzi aliyekuwapo kabla ya huyu tulimwita mkali, mpaka akahama. Na zamu zao alizipanga nani? Ni yeye, Nakijwa.

Akamshika Naetwe mkono. "Mwanangu, lini umepumzika?"

Naetwe akataka kujibu, machozi yakamtangulia. "Sikumbuki, mama."

Nakijwa akamgeukia yule bibi, mbele ya wagonjwa wote. "Nisamehe, bibi. Kosa hili ni langu." Akamwambia Naetwe aende akalale, akasimama mwenyewe dirishani kugawa dawa mpaka mtu wa mwisho.

Mganga mfawidhi mzima, wapendwa! Nani kati yetu angeweza?

Sisi tunao watu majumbani ambao siku hizi wamekuwa wakali. Mke. Mtoto mkubwa. Dada wa kazi, ambaye kabla yake tulishamwondoa mwingine, na mwingine, tukisema wote wabaya. Tunapiga magoti tukimwomba Mungu awabadilishe. Je, tumewahi kujiuliza ni nani anayewasukuma mchana na usiku?

Leo tusiwaombee. Tukitoka hapa, twende tukamwambie mmoja wao: "Keti. Leo nafanya mimi."