Mbio za Mgombea Udiwani

Shekiondo alikuwa tajiri, tena mkimbiaji hodari, na mwaka huo aligombea udiwani. Akakitolea macho kiwanja cha Bi Kidawa, muuza vitumbua mnene wa pale njia panda.

“Tushindane mbio hadi kileleni mwa kilima kile,” Bi Kidawa akamwambia mbele za watu. “Ukinishinda, kichukue. Nikikushinda, usikitaje tena.”

“Wewe? Na jua hili la kiangazi?”

“Saa saba mchana, baba. Tupite barabara ya kijijini.”

Shekiondo akachomoka kama mshale. Kwenye kona ya kwanza akakuta wazee wamekaa kivulini. Mgombea atawapitaje wapiga kura bila salamu? Akasimama, akavua kofia. “Shikamooni!” Wakamuuliza habari za mke, watoto, ng’ombe, hata mvua. Kona ya pili, wazee tena. Ya tatu, bibi kizee akamshika mkono asiuachie. Bi Kidawa akapita akihema, hakumsemesha mtu.

Kileleni Shekiondo alimkuta amekaa, anajipepea kwa kanga.

“Umewapita wazee hivihivi!” akafoka. “Huna adabu?”

“Ninayo, baba. Niliwaamkia wote asubuhi, nilipokwenda kuwaomba wakupokee njiani.”