Barabara Iliyorukwa

Mwonyesha mji huishia kwao. Methali hii ilianza hivi, alisema Mzee Chande, akiwatazama wajukuu wake watatu waliokuwa wametoka harusini. Huko walimsikia bibi mmoja akimwambia bwana harusi maneno hayo, ukumbi mzima ukacheka, na wao wakacheka pia wasijue wanachekea nini.

"Sasa nisikilizeni," alisema. "Nitaieleza kama ilivyokuwa, bila kutia chumvi. Na atakayesinzia nitaianza upya tangu mwanzo, hiyo ndiyo adhabu yake."

Zamani, treni ilipokuwa bado ikileta watu hapa Tanga, palikuwa na kijana mmoja jina lake Kitojo. Kazi yake ilikuwa kutembeza wageni. Hakuwa na gari wala baiskeli. Alikuwa na miguu miwili na ulimi mmoja, na siku zote ulimi ndio uliotangulia kufika. Treni ikishaingia, yeye huyo mlangoni pa stesheni, kofia kaipinda upande, anatangaza:

"Hakuna mlango katika mji huu nisioujua! Wala hakuna mlango ninaoogopa kuupigia hodi! Nifungeni macho kwa kitambaa, nitawapeleka!"

Na watu walimwamini, maana mtu akisema jambo kwa sauti kubwa na kofia imekaa vizuri, nani atabisha?

Jumamosi moja asubuhi akashuka mama mmoja wa makamo, mrefu, mwenye sanduku la bati na viatu vya kutembelea hasa, si vya kuvalia harusini. Aliitwa Bi Nyamizi, na alikuwa mkunga aliyehamishiwa Tanga kutoka Tabora. Alimsikiliza Kitojo mpaka mwisho, kisha akamwambia, "Nakutaka wewe peke yako, kwa siku nzima, kwa miguu."

Kitojo akafurahi. "Umepata, mama! Tutaanza na bandari..."

"Bandari inazaa?"

"Haizai, mama."

"Endelea."

"Halafu nitakupeleka kwenye mnara wa saa. Mzuri huo, wa..."

"Mnara wa saa unazaa?"

Kitojo akakuna kisogo. "Huo nao hauzai."

"Basi nipeleke wanakozaa. Mimi ni mkunga, baba. Jumatatu nitaanza kuitwa majumbani. Mkunga asiyejua mtaa, mtoto humtangulia."

Wakaliacha sanduku kwenye nyumba ya wauguzi, wakaelekea Ngamiani. Ninyi mmezaliwa huko, hamshangai tena, lakini mgeni hushangaa: barabara zimenyooka kama mistari ya daftari, na hazina majina, zina hesabu. Ya kwanza, ya pili, ya tatu, mpaka mtu uchoke. Bi Nyamizi alipoliona hilo alifurahi, akatoa kidaftari chake na kipande cha penseli.

Na Kitojo, tumpe haki yake, kazi aliijua. Hakumpitisha mgeni kama mtu anayekimbiza mvua. Kila baraza alisimama, akasalimia wakubwa, akamjulisha: "Huyu ni mkunga wetu mpya, mumtunze naye atawatunza." Ya pili akamwonyesha kwa mwoka mikate, ya tano kwa kinyozi mwenye kioo kilichopasuka, ya tisa nyumba ya mapacha, ambamo kila tumbo hutoka wawili wawili. Bi Nyamizi aliandika, akacheka, akaandika tena. Kufika saa sita mchana tayari wanawake watatu wajawazito walikuwa wamemshika mkono na kumwahidi kazi.

Wakaimaliza ya kumi na tatu. Kitojo akakata kona, akakata nyingine kwa haraka kidogo, akasema, "Na hii sasa, mama, ni ya kumi na tano. Hapa pana..."

"Ngoja." Bi Nyamizi aliangalia kidaftari, akahesabu kwa ncha ya penseli. "Tumetoka ya kumi na tatu. Hii ni ya kumi na tano. Ya kumi na nne imekufa?"

Mnaona? Angekuwa katika mji mwingine wowote, wenye mitaa ya majina, angeweza kuruka mtaa mzima na mgeni asijue mpaka kiyama. Lakini Kitojo alizaliwa humo, hesabu zile alizizoea mpaka akasahau kwamba ni hesabu. Alisahau kwamba hata mgeni wa saa tano anajua kuhesabu.

"Ile? Ile ina matope sana, mama."

"Mvua haijanyesha wiki mbili. Nimeambiwa stesheni."

"Na mbwa. Wakali."

"Mbwa, Ngamiani? Baba, nimekaa hapa tangu asubuhi sijaona hata mkia."

Kitojo akairekebisha kofia. "Kusema kweli ni barabara ya wazee watupu. Hawazai tena. Utapoteza penseli yako bure."

Bi Nyamizi akafunga kidaftari. Hakukasirika. Alimtazama kijana yule usoni, kwa utulivu, kama anavyomtazama mtu kazini kwake.

"Mdogo wangu," alisema, "miaka kumi na minane nimezalisha. Sura ya mtu anayezuia kitu kinachotaka kutoka naijua hata gizani. Hebu sukuma."

Kitojo alitaka kucheka. Badala yake akakaa kwenye ukingo wa baraza ya watu, akavua kofia, na maneno yakatoka.

Miaka miwili nyuma aliaga. Na hakuaga kidogo. Barabara ya kumi na nne yote ilisomewa dua kwa ajili yake, pilau ikapikwa, na wanawake wakamsindikiza mpaka stesheni kwa nyimbo, kwani mtoto wa Bi Mwanakheri alikuwa anakwenda Nairobi kujifunza ufundi wa mitambo. Aliahidi kurudi bwana mkubwa. Mama yake hakuimba. Alimtia tu mkononi kifurushi cha maandazi ya moto, akafunga fundo mara mbili.

Treni ikaondoka. Kitojo akapunga mkono mpaka kanga ya mwisho ikapotea. Akakaa, akafungua kifurushi, akala andazi moja. Lilikuwa na iliki ileile ya kila siku. Na hapo ndipo Nairobi ilipomwishia. Treni iliposimama Pongwe, kituo cha kwanza tu, alishuka, akafuata reli kwa miguu, akarudi mjini jua likichwea.

Lakini utaingiaje tena mtaa uliokuimbia asubuhi? Ungepita wapi? Akaenda kupanga chumba Chumbageni, upande wa pili wa reli, akisema kesho nitakwenda nyumbani. Kesho ikawa mwezi. Akaanza kuandika barua: mama, Nairobi kuna baridi, mitambo ni migumu lakini naiweza. Akampa mfanyakazi mmoja wa treni azipeleke kana kwamba zimetoka mbali. Miaka miwili alikuwa akiwatembeza watu wa dunia nzima, na mama yake yuko umbali wa kutembea kabla chai haijapoa.

"Siuogopi mtaa, mama," alimwambia Bi Nyamizi. "Naogopa uso mmoja tu. Kila mwezi nasema mwezi ujao. Sasa sijui hata kama mvi zimemzidi."

Bi Nyamizi alikaa karibu naye.

"Mimi nami, kwa mama yangu, nilikuwa nangoja cheo," alisema. "Nilisema nikipata sare ya mkunga mkuu, nitakwenda nayo nimwonyeshe. Niliipata. Nilikwenda nayo. Nikauonyesha udongo wa kaburi lake." Akasimama, akajipangusa vumbi. "Vaa kofia. Mimi nimekuchukua unionyeshe mji, na mji wangu una barabara ya kumi na nne. Usiende kama mtoto aliyepotea. Nenda kama mtu aliye kazini. Utaniambia tu, hii nyumba ya fulani, hii nyumba ya fulani."

Wakaingia ya kumi na nne. Kitojo aliongea kwa sauti ya chini kama mtu anayepita penye msiba. "Hii ya fundi seremala. Hii ya Bi Mgeni, ana binti mjamzito." Bi Nyamizi akaandika.

Barazani palikaa wazee wanakunywa kahawa. Kitojo aliinamisha uso, lakini mmoja akamwita, hana hata chembe ya tabasamu:

"Ahaa, Kitojo! Pole na safari, baba. Nairobi hawajambo?"

Jasho likamtoka. "Ha... hawajambo, mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Ni mbali kule."

Nyumba ya tatu, mama mmoja aliyekuwa anapepeta mchele akainua kichwa. "Mbona umekonda, mwanangu? Baridi ya huko, eh?" Akarudi kwenye ungo wake, mabega yakimtikisika.

Mtaa mzima ulimpa pole ya safari. Hakuna aliyecheka, hakuna aliyemsuta. Walimshikia uongo wake kwa mikono miwili kama watu wanaomsaidia mwenzao kushusha gunia asije akaumia.

Wakafika kwenye mlango wa kijani uliofifia. "Na hii, mama," alisema Kitojo, "hii ni nyumba ya..." Haikutoka. Bi Nyamizi alingoja, penseli juu ya karatasi, hakumsaidia hata herufi moja.

Hapo Kitojo akakwama kwa jambo ambalo hakuwahi kulifikiria. Apige hodi, au asipige? Mtoto hapigi hodi kwao, huingia tu akauliza kuna nini cha kula. Lakini mtu aliyekaa mbali miaka miwili ni mtoto bado, au ni mgeni? Yule aliyejitapa kwamba hakuna mlango anaouogopa alisimama mbele ya mlango uliokuwa wazi kabisa. Mwisho akasema, kwa sauti ambayo hata kuku wa uani hakuisikia:

"Hodi."

Halafu sauti ya Bi Mwanakheri ikatoka jikoni, taratibu:

"Siku hizi huko Nairobi wanafundisha watoto kupiga hodi kwao?"

Akatokea, unga umemjaa mikononi. Akamtazama mwanawe, akamtazama mgeni, akamkaribisha mgeni kwanza, maana adabu ni adabu hata siku kama hiyo. Kisha akasema:

"Nilijua, Kitojo. Wanawake wauza muhogo wa Pongwe walikuja sokoni asubuhi yake, wakaniambia mwanao ameshuka kwetu analia na andazi mkononi. Na barua zako nasomewa. Ile uliyosema Nairobi pana minazi mizuri, tulicheka siku mbili."

"Mbona hukunifuata, mama?"

"Ningekufuata ungerudi umebeba aibu. Nikawaambia majirani, asisutwe mtu. Nikasema aibu hiyo ataichoka huko huko aliko, atakuja mikono mitupu. Ndivyo nilivyokutaka."

"Na Kitojo," alisema Mzee Chande kwa wajukuu wake, akiketi wima, "kwa kuwa alikuwa mwanamume kamili, hakutoa hata chozi. Alimshika mama yake mkono, akamwomba radhi kwa maneno yaliyopangika vizuri, akaketi mkekani, wakala. Bi Nyamizi alipoaga jioni, akafungua kidaftari, akaandika kumi na nne mahali pake. Akasema, 'Kumbe mwonyesha mji huishia kwao.' Alilisema neno lile katika kila nyumba aliyozalisha, likaenea. Basi, ndiyo asili yake. Sasa mtu akikazana kuwaelekeza wenzake duniani, mjue iko siku ataelekea mlangoni kwake."

"Macho makavu!" ilisema sauti nyuma yao.

Alikuwa Bi Mwanahamisi, dada yake mdogo Mzee Chande, aliyekuja kuchukua watoto. Alikuwa amesimama mlangoni hawajui tangu lini, mikono kiunoni.

"Babu yenu huyu! Mimi nilikuwepo, nina miaka minane, nimekaa juu ya mbuzi nakuna nazi, na amenifuta kwenye hadithi kama kosa la imla. Maneno yaliyopangika? Alisema 'mama' mara moja tu, akaanguka hapo kizingitini kichwa kwenye mapaja ya mama. Alilia mpaka unga wa mikono ya mama ukawa donge nyweleni mwake. Na mama hakusema kitu ila 'basi, basi, umefika.' Chapati zikaungua zote. Yule mkunga ndiye aliyeingia jikoni akatupikia, mgeni wa watu, na yeye pia analia."

"Bibi," aliuliza mjukuu mdogo, "Kitojo ulimjua?"

"Kitojo gani? Mama yangu hakuzaa Kitojo. Alizaa watoto wawili tu: mimi, na huyu anayejifanya anatafuta miwani."

Watoto wakageuka wote watatu. Mzee Chande aliinama, akapapasa chini ya kiti kwa muda mrefu kuliko inavyohitaji miwani yoyote, na alipoinuka macho yake yalikuwa yanang'aa.

"Wewe Mwanahamisi," alisema, "hadithi ilikuwa inakwenda vizuri."

Dada yake akaja, akaketi kando yake, akamwekea mkono begani.

"Umewatembeza watoto Tanga yote kwa jina la mtu wa kubuni, ukadhani huu mlango utauruka. Mwonyesha mji huishia kwao, kaka."