King'ora Kilicholala Bondeni

Hapo zamani, wala si zile za sungura na fisi, hizi za juzijuzi za kompyuta, palikuwa na karakana ya watu watatu waliotengeneza mashine za kulinda mito. Maji yakijaa, mashine hupiga king'ora, watu wa bondeni wakimbie.

Kila mashine ina kichakataji, ndio ubongo wake, na ndani yake mna vihesabio vya kupima kazi. Kazi nyingi, vihesabio haba, lazima kazi zivitumie kwa zamu. Nyange, mmoja wa wale watatu, aliandika programu ya kupanga zamu hizo kwa kichakataji chake. Mwenzake Mashavu akaichukua, akaifanya ya wote.

"Ya nini kila mtu ajipikie chungu chake?" alisema. "Vichakataji havifanani, najua. Nimewaachia nafasi ya kujaza ndani ya programu. Chenye mwiko, mwenyewe autaje."

Na desturi ya karakana ile, asiyejaza nafasi hana pingamizi.

Tunu, binti mdogo kuliko wote karakanani, alishika kichakataji cha mashine ya bonde la kwao. Kihesabio chake kimoja kilikuwa na mwiko: ukikipa kazi isiyo yake, husema sifuri. Tunu alijua. Lakini alijaribu kwa kazi chache, zamu hazikuhitajika, mambo yakaenda sawa. Nafasi akaiacha tupu. Haya, mashine ikafungwa mtoni, mama yake akamwombea dua.

Masika mvua ikapiga milimani, bondeni jua linawaka. Maji yakapanda, kazi za mashine zikaongezeka, zamu zikaanza. Kihesabio kile kikapewa kazi isiyo yake, kikasema sifuri. Mashine ikajiona haina kazi, ikalala ili kutunza betri. Semboja, kaka yake Tunu, alikuwa shambani akivuna mpunga, hana wasiwasi, si king'ora cha dada yake kipo? King'ora hakikulia, na jioni wakamwokota maji yameshamuua. Uchungu ulioje, jamani.

Msibani wote watatu waliketi mkekani mbele ya mama yake Tunu.

"Mama, mimi niliandikia kichakataji changu," alisema Nyange. "Pale kila kihesabio hupima chochote. Sikulitaja hilo, nilidhani kila mtu anajua. Ila sikumwambia mtu achukue."

"Niliyechukua ni mimi," alisema Mashavu. "Niliuliza, Mama, nikaacha nafasi. Lakini ni mimi niliyekubali ukimya uwe jibu."

Tunu hakuweza kuinua uso. "Mimi niliulizwa nikanyamaza. Nilijua, mama."

Mama akanyoosha mkono. "Msamaha nilio nao ni mmoja, hauwatoshi watatu. Anayestahili aushike mkono huu. Wengine wasinisogelee mpaka naingia kaburini."

Nyange akamtazama Mashavu, Mashavu akamtazama Tunu. Tunu aliutazama mkono ule uliomlea yeye na Semboja, asijue kama bado ni wake kuushika.

Haya, nyie mliokaa kitako mkanisikiliza, msiniachie mzigo huu peke yangu. Mkono wa mama ungali umenyooshwa. Je, nani alistahili kuushika?