Kindi Natela na Wafalme Waliokataa Kuamka

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walipokuwa na ngome na mataji, bonde moja la Georgia chini ya milima ya Kaukazi lilikuwa na wafalme wawili kwa mpigo.

Kwenye kilima cha mashariki alikaa Dubu Malkhazi, mkuu wa ukoo wa Datviani. Kwenye kilima cha magharibi alikaa Mbwa Mwitu Gela, mkuu wa ukoo wa Mgeliani. Katikati, kwenye mashamba ya mizabibu, waliishi raia: sungura, panya, kundi la kunguru, na Kindi mjane aliyeitwa Natela, mwenye watoto wengi na mkia mkubwa kuliko nyumba yake.

Kila mavuno Dubu alishuka, gudu! gudu! "Leteni fungu la mfalme!"

Wakampa. Hajafika hata mlangoni kwake, Mbwa Mwitu naye huyo! "Mfalme ni mimi! Yule mliyempa ni tapeli. Fungu langu liko wapi?"

Wakampa na yeye. Raia walibaki na vikonyo. Kipupwe kilichopita watoto wa Natela walitafuna maganda ya mizabibu, na mdogo wao alikohoa mpaka theluji ilipoyeyuka. Mama yake hakusahau sauti ile.

Basi zabibu zilipoiva tena, wakuu wale wawili wakakutana njia panda, wakaanza kutajiana mababu.

"Babu yangu alipanda Safina ya Nuhu!" akanguruma Dubu. "Alilala chumba cha juu, chenye dirisha!"

"Ahaa! Na nani alimfungulia mlango? Babu yangu!" akabweka Mbwa Mwitu.

Natela alitamani kuuliza, 'Na bibi yangu je, aliogelea?' Lakini alimeza maneno, akainama mpaka pua ikagusa vumbi.

"Watukufu wangu, mababu wamekufa, hawawezi kutoa ushahidi. Damu ya kifalme hujulikana kitandani."

"Kitandani?" wakauliza pamoja.

"Ndiyo. Katika nyumba, nani huamka kwanza?"

"Mpishi," akasema Dubu.

"Na mfagiaji," akasema Mbwa Mwitu.

"Na mfalme?"

"Wa mwisho!"

"Mmeona? Basi laleni, watukufu, ninyi na koo zenu nzima, kwani damu ni moja. Atakayetangulia kuweka mguu sakafuni, huyo ukoo wake ni wa watumishi."

"Hilo tu?" Dubu akacheka, hoho! hoho! "Taji ni langu!"

Jioni ileile vitanda vikasogezwa madirishani, ili kila ngome iichunge nyingine. Wajomba wakalala, mashangazi wakalala, mabinamu wakalala na viatu.

Kulipopambazuka, raia wakaingia shambani. Kwacha, kwacha! Zabibu zikakatwa. Chubwi, chubwi! Zikakanyagwa. Mitungi mikubwa iliyofukiwa ardhini ikajazwa mpaka shingoni. Natela akatunga kokwa za jozi kwenye nyuzi, akazichovya katika uji mzito wa zabibu, akazianika. Watoto wake wakalamba vidole hadi viwiko.

Harufu ikapanda vilimani. Dubu akavuta pumzi, fff! Akashusha mguu mmoja polepole.

Natela akauona mguu ule. Dubu akiinuka, kila kitu kimekwisha! Akapaza sauti: "Mtukufu Malkhaziii! Je, huo mguu umegusa sakafu? Wa Mgeliani wanauliza!"

Mguu ukarudi, fyuu! "Nani, mimi? Nilikuwa najinyoosha!"

Kule ng'ambo binamu mmoja wa Mbwa Mwitu akanong'ona, "Mzee, wanamaliza shamba!"

"Nyamaza! Heri njaa kuliko aibu," akajibu Gela, ingawa tumbo lake lilikuwa likinguruma kuliko yeye mwenyewe.

Mavuno yakaisha. Chakula kikafichwa mapangoni, palipo na nyufa ambamo dubu hapiti na mbwa mwitu hapenyi. Theluji ikaanza kuanguka.

Gela alikonda hadi kitanda kikawa kipana. Akachungulia ng'ambo: Dubu anakoroma, khrrr... khrrr... Dubu, wanangu, akishalala kipupwe haamki hata ukimpigia ngoma. Gela akaona hana la kufanya. Akashuka, mkia katikati ya miguu, akabisha kwa Natela.

"Mama Natela, nihurumie. Nipe hata kikonyo."

"Karibu, baba. Lakini umeamka kwanza, kwa hiyo sasa wewe ni mtumishi. Hapa kwetu watumishi wanakula, ila wanafagia kwanza. Ufagio ule pale."

Gela akautazama ufagio. Akatazama jozi zinazoning'inia. Akafagia. Jioni alikula akashiba, na wa ukoo wake wote wakashuka kufagia.

Majira ya kuchipua, Dubu akaamka, ngozi inaning'inia kama koti la kuazima. Akatoka ngomeni. "Nani ameshinda?"

"Wewe, mtukufu!" raia wakashangilia. "Ni wewe, mfalme pekee wa bonde zima!"

Dubu akavimba kifua, akangoja. Akangoja tena. Mwishowe akauliza kwa sauti ndogo, "Na kifungua kinywa?"

"Ah, mtukufu," akasema Natela, akiwapangusa watoto midomo, "tumeshakula zamani."

Wanangu, ukubwa wa nasaba haujazi kapu.