Jumapili ya Nakijwa

Njooni, wajukuu, sogeeni, na mwenye njugu aziweke chini nisisikie meno. Mpo? Itikieni tena, mlima usikie! Basi hapo kale, kale ya kale zote, siku ambazo mawe ya Upare yalikuwa bado laini ukiyabonyeza, paliishi mama mmoja jina lake Nakijwa.

Nakijwa alikuwa mjane, ana watoto watatu na shamba moja. Shamba lenyewe jembamba kama mkanda, limeng'ang'ania ubavu wa mlima, na lilikunywa maji ya ndiva. Mnaijua ndiva? Ni bwawa la mawe na udongo. Maji ya kijito yalikusanyika humo usiku kucha, asubuhi kizibo kinachomolewa, maji yanakwenda kwenye shamba la nyumba moja tu. Leo nyumba hii, kesho nyumba ile, mpaka nyumba kumi na moja, ndipo zamu inaanza upya.

Mtunza zamu alikuwa Kajiru, shemeji yake Nakijwa. Alikuwa na kamba yenye mafundo kumi na moja, kila nyumba fundo lake. Na sheria ilikuwa hii: mwenye zamu achomoe kizibo mwenyewe, ashike jembe, aongoze maji tuta kwa tuta mpaka jioni. Asipofika, fundo lake linafunguliwa. Ukikosa fundo, umekosa maji, wala si siku hiyo tu.

Sasa Pasaka ile Nakijwa alibatizwa. Wenzake walimtolea Mungu kuku, wakamtolea ndizi. Nakijwa akasema, "Mimi nakupa Jumapili, Bwana. Nzima. Sitaomba urudishe hata kipande." Na akashika neno lake. Jumapili hakulima, hakutwanga, hakwenda sokoni.

Ukaja mwaka wa jua. Jua gani, wajukuu! Jua la kukausha mate mdomoni. Mahindi ya Nakijwa yalikuwa yametoa mbelewele, yanataka maji mara moja tu yafunge punje. Mara moja tu! Jumamosi hiyo Kajiru akaingia uani.

"Shemeji, kesho zamu yako."

Nakijwa akahesabu kwa vidole. "Kesho Jumapili."

"Kwenu Jumapili. Kwenye kamba yangu ni Nakijwa."

"Nibadilishie na wa Jumatatu."

"Zamu haibadilishwi, unajua. Tangu mwaka ule watu walipokatana kwa majembe."

"Basi siwezi, shemeji. Siku hiyo nimeshaitoa."

Kajiru akacheka, kisha akaacha kucheka. "Na watoto? Utawapikia hiyo Jumapili waile?"

Nakijwa akajifunga kanga, akatoka.

Akaenda kwa Mwalimu Elieza, aliyewafundisha dini. Mwalimu akamhurumia. "Mama, kafungulie maji yako. Hata punda akitumbukia kisimani siku ya Sabato, mwenyewe anamtoa. Imeandikwa."

"Mwalimu, mwenye punda huyo alikuwa ameahidi kitu?"

Mwalimu akafunua Kitabu, akatafuta mpaka jua likazama.

Kulipokucha, Nakijwa akavaa kanga yake safi, akawashika watoto mkono. Njia ya kanisani ilipita ukingoni mwa ndiva, na ukingo wote ulikuwa umejaa watu waliokuja kutazama kama atachomoa kizibo. Ndiva imejaa pomoni. Nakijwa alikuwa akisikia harufu ya shamba lake likiungua kwa jua. Hatua moja. Hatua ya pili. Akasimama mbele ya Kajiru.

"Fungua fundo langu, shemeji."

"Nakijwa!"

"Fungua. Ila maji haya ni ya Jumapili, na Jumapili si yangu. Wape wale wa bondeni wasio na fundo."

Wale wa bondeni walikuwa Senzige na mkewe, wageni waliopanda kutoka tambarare, hawana zamu wala ndugu. Watu wakaguna. Mmoja akapiga kelele, "Huyu kabatizwa kichwa, akili ikabaki majini!" Watu wakacheka mpaka wakashikana mabega. Lakini ndiva iliyojaa haiwezi kulala siku ya pili, ukuta unapasuka. Kajiru akafungua fundo, akilaani kimoyomoyo, akawapa wageni maji. Na Nakijwa akaenda kanisani akaimba. Sauti ilimkatika kila beti, akaimba hivyo hivyo.

Siku saba zikapita. Nusu ya mahindi yakawa makapi. Jumapili nyingine Nakijwa akatoka kanisani, akafika shambani kwake, akasimama. Udongo ulikuwa mweusi. Umelowa! Na katikati ya matuta, matope magotini, Kajiru na jembe lake.

"Shemeji, umekosea shamba."

"Sijakosea. Leo ilikuwa zamu yangu."

"Na mahindi yako?"

"Usiniulize, nitabadili mawazo." Akapiga jembe, maji yakaingia tuta jingine. "Wiki nzima nimetaka kukucheka, nikikuona kicheko kinakwama. Ulisema mbele za watu, maji ya Jumapili ni ya asiye na fundo. Haya, kijijini hapa nani hana fundo kukuzidi wewe?"

Nakijwa akataka kushuka amsaidie, akakumbuka siku. Akabaki ukingoni, mikono imemning'inia, machozi yanamtoka.

"Jembe sishiki, shemeji. Nikuimbie?"

"Imba," akasema Kajiru, "ila polepole, maji yasinikimbie."

Mwaka ule Nakijwa alivuna vikapu vinne, watoto wakala. Na Kajiru akafunga fundo jipya kwenye kamba, la kumi na mbili, la wale wa bondeni, karibu na lile la Nakijwa, nalo kalifunga upya.

Mmesikia, wajukuu? Wako wanaompa Mungu kitu huku wameshika pembe moja, wakivute siku ya shida. Nakijwa aliachia pembe zote. Mpendeni Mungu hivyo, bila kubakiza.

Kisa nimekimwaga chote, kibuyu ni kitupu. Aliyekinga amepata, aliyesinzia amwombe mwenzake.