Nani Apande Treni na Nyamizi

Hapo zamani, na si zamani sana, maana umeme ulikuwepo na ulikuwa ukikatika kama leo, aliishi Tabora mwanamke aitwaye Nyamizi. Aliandika mchezo wa jukwaani kuhusu mjane anayefukuzwa nyumbani na shemeji yake. Shemeji huyo amevaa koti la marehemu, wala halivui.

Akaupeleka kwa kikundi cha maigizo. Wakamwuliza, "Nyamizi ndiyo nani?" Akaupeleka kwa kingine. Wakamwuliza, "Umewahi kuandika nini?" Akaupeleka kwa kingine tena. Hao hawakuuliza kitu. Kurasa za mwanzo walifungia maandazi.

Ndipo akampata Kasanda, mwongozaji wa kikundi kidogo. Kasanda aliusoma amesimama mlangoni, akasahau hata kumkaribisha mgeni ndani.

"Mchezo wangu utasubiri," akasema. "Tunafanya wako."

Nusu ya waigizaji wake wakanuna, wakahama. Akafanya mazoezi na waliobaki.

Mchezo ukaiva, ukumbi hakuna. Ukumbi wa harusi wa Bi Tausi ulikuwepo, lakini Jumamosi waliyoitaka alikuwa akiolewa humo mpwa wake. Bi Tausi akaenda mazoezini kumwambia Nyamizi hapana. Akakaa kidogo, akatazama. Naye alikuwa mjane. Alipoinuka akasema, "Harusi itasogea." Kisha akazunguka mji mzima na kipaza sauti kualika watu. Dada yake, mama wa bibi harusi, akaacha kumsemesha.

Siku yenyewe, mwigizaji wa shemeji akashikwa na homa. Akaitwa Maganga, mchekeshaji wa kwenye sherehe, akashinda kutwa akikariri. Maneno yakamkaa mpaka tukio la mwisho, anapotakiwa kumtupa mjane nje. Hapo yakamtoka yote kichwani. Nyuma ya pazia, Nyamizi akafunika uso.

Maganga akamtazama mjane. Akavua koti taratibu, akamvika mabegani, akatoka nje yeye mwenyewe bila kusema neno.

Watu wakasimama. Wengine walilia, wengine walipiga vigelegele. Bi Tausi alifanya yote mawili.

Kati ya watazamaji alikuwepo bwana mmoja, mkuu wa kampuni ya maigizo ya Dar es Salaam.

"Mchezo nauchukua, na mwisho wake ule ule," akamwambia Nyamizi. "Waigizaji ninao, ukumbi ninao. Njoo na mtu mmoja wa hapa, naye nitampa kazi. Mmoja tu."

Habari zikafika haraka kuliko chai.

Kasanda akasema, "Dada Nyamizi, mimi niliusoma wakati wenzangu wanafungia maandazi. Kikundi changu kimevunjika kwa ajili yako. Nikibaki hapa, namwongoza nani?"

Bi Tausi akasema, "Mwanangu, bila ukumbi mngeigiza barabarani. Nami nimempoteza dada. Nataka kwenda mahali nianze upya."

Maganga akasema, "Sibishani na wakubwa. Lakini kilichomvuta yule bwana ni mwisho, na mwisho ule hakuna aliyeuandika wala aliyenifundisha."

"Ulisahau maneno, ndugu yangu," Kasanda akamjibu. "Kusahau nako ni kazi?"

"Wanaosahau ni wengi, kaka. Wanaovua koti ni wangapi?"

Nyamizi chakula kikamshinda. Kila aliyesema, alimwona ana haki, mpaka mwingine alipofungua mdomo.

Siku ya safari akafika stesheni, akawakuta wote watatu wamesimama na mabegi yao, hakuna anayemwangalia mwenzake. Treni ikapiga honi. Nyamizi akapanda, akageuka mlangoni, akanyoosha mkono.

Mimi nawaachia hapo hapo, treni ikianza kusogea. Haya, mliokaa mnanisikiliza: Kasanda, Bi Tausi, Maganga. Je, nani alistahili kuushika mkono ule?