Laini Moja, Milango Mitatu

Sogeeni karibu, ndugu zangu. Nikiuliza "Imefunguka?" nyie nijibuni "Inazunguka!" Aliyewahi kukaa mbele ya kile kiduara kinachojizungusha kwenye skrini hahitaji kufundishwa. Haya: imefunguka?

Inazunguka!

Safi. Basi palikuwa na nyumba ya kupanga huko Kihesa, Iringa, milango mitatu, ua mmoja.

Mlango wa kwanza alikaa Tusajigwe, fundi cherehani, na kipaji chake kilikuwa kupima. Ukimsalimia tu, jicho lake limeshachukua mabega yako. Ana daftari la vipimo ambalo halimtoki kwapani.

Mlango wa pili alikaa Bi Sikudhani, muuzaji katika duka la dawa. Kipaji chake kilikuwa kusoma maandishi madogo. Kile kikaratasi kilichokunjwa ndani ya boksi la dawa, ambacho wewe na mimi tunakitupa, yeye hukisoma mpaka anuani ya kiwanda.

Mlango wa tatu alikaa Lukresia, MC wa harusi. Kipaji chake ni ulimi. Umeme ukatike, spika zife, bibi harusi achelewe saa mbili: Lukresia ataongea, na hakuna mgeni atakayenyanyuka kwenye kiti.

Wote watatu walihitaji intaneti. Fundi alikuwa anapima wateja wa mikoani kwa video. Bi Sikudhani alikuwa anasomea ufamasia kwa masafa, mitihani anafanyia nyumbani mbele ya kamera. Lukresia alikuwa anarusha harusi mubashara: mpiga picha anamtumia video kutoka ukumbini, yeye anaitangaza na kuirusha akiwa mlangoni kwake. Lakini peke yake hakuna aliyeimudu bei. Kwa hiyo wakafanya kama walivyozoea kwa umeme na maji: wakachanga. Kampuni moja, tuiite Mbiombio, ilikuwa na bango kubwa barabarani: mega ishirini, bila kikomo, elfu tisini kwa mwezi. Thelathini kila mlango! Mfungaji wa Mbiombio akaja, akatundika ruta kwenye kibaraza, akaandika "Wapangaji, Kihesa" kwenye fomu, wakatia sahihi wote watatu, akanywa chai yao akaondoka.

Wiki mbili zilikuwa raha tupu. Halafu? Imefunguka?

Inazunguka!

Fundi alimpima bwana mmoja wa Mbeya, picha ikaganda mkono ukiwa umekunjwa. Koti lilipofika, mikono iliishia kwenye viwiko. Lukresia alirusha harusi, ndugu walioko Tabora wakamwona bwana harusi amefunua mdomo dakika kumi na moja, wakadhani ameghairi. Na Bi Sikudhani, jamani, Bi Sikudhani alikuwa katikati ya mtihani wa mwisho kamera ilipokata. Mtihani ukafutwa. Ataruhusiwa kurudia mara moja tu, na ikikata tena, miaka yake mitatu ya masomo imekwisha.

Wakapiga simu huduma kwa wateja.

"Dada, zima ruta, subiri sekunde thelathini, washa tena."

"Kaka yangu," Lukresia akamjibu, "ruta hii nimeizima mpaka inanionea haya. Nipe jibu lingine."

"Basi unaweza kununua kifurushi cha juu zaidi. Laki na themanini tu."

Mmesikia hiyo "tu"? Unauziwa gari, likizima njiani unaambiwa ununue na injini! Siku hiyo hiyo wapangaji wakaamua kuishtaki Mbiombio kwenye kamati ya malalamiko ya wateja.

Sasa sikilizeni kwa makini, maana hapa ndipo kesi ilipo.

Tusajigwe alipima. Mara tatu kwa siku, siku tisini, aliweka cherehani pembeni akapima kasi kwa simu yake, akaandika kwenye daftari lile lile la wateja. "Mama Kadege, kiuno 38, nyonga 44. Asubuhi mega 18. Jioni mega 2." Hakuruka siku hata moja, hata ile aliyokuwa na homa. Kampuni ilipodai kwamba kasi haijawahi kushuka, akapiga picha kurasa zote akazituma kwa kamati, nyonga za watu zikiwemo.

Bi Sikudhani alisoma. Kampuni ilibadilisha wimbo: sawa, kasi inashuka, ila ni halali, kwa sababu mkataba unasema ukipitisha giga mia tatu unapunguziwa. Wenzake wakanywea. Yeye akavaa miwani, akaufungua mkataba, kurasa arobaini na moja, herufi kama mayai ya chawa. Ukurasa wa thelathini na tisa akakuta nusu sentensi: *baada ya mteja kutaarifiwa kwa ujumbe siku tatu kabla.* Akauliza, "Nani kati yetu alipata ujumbe?" Hakuna. "Basi tumewakamata."

Lukresia alisema. Kikao cha kamati kilifanyika kwa video, saa kumi jioni, na saa kumi jioni mnaijua: mega mbili. Wapangaji wamekaa mbele ya kompyuta, wamechana nywele, mwanasheria wa Mbiombio anajieleza vizuri kabisa. Zamu yao ilipofika tu, picha ikaganda. Sauti ikapotea. Kanuni za kamati ziko wazi: mlalamikaji asiyepatikana kwa dakika kumi, shauri linafutwa. Dakika ya nane, Lukresia akaweka vocha kwenye simu yake ya kitochi, akapiga ofisi ya kamati moja kwa moja.

"Mheshimiwa mwenyekiti, unaniona?"

"Hapana. Naona mama mwenye miwani amefumba jicho moja."

"Huyo ni Bi Sikudhani, na jicho lake lina dakika nane sasa halijafumbuka. Mheshimiwa, tulikuja kukuelezea ushahidi. Mbiombio wamekuonyesha wenyewe."

Kisha akasoma daftari la fundi na ukurasa wa thelathini na tisa, bila kupumua, mpaka vocha ikaisha. Mwenyekiti alicheka. Mwanasheria hakucheka.

Wakashinda! Uani kulipigwa vigelegele hadi nyumba ya jirani wakauliza nani kaolewa. Mbiombio iliamriwa itoe laini ya mwaka mzima, kasi kamili, bila kikomo kweli kweli, bure.

Bi Sikudhani, kama kawaida yake, akaisoma hukumu mpaka mwisho. Akavua miwani.

"Jamani. Ule mkataba tuliowashikia, ukurasa wa nne: laini ni ya kaya moja. Kamati imesema mkataba ufuatwe wote, siyo nusu. Laini itafungwa ndani ya mlango mmoja, kwa jina moja, na ruta itakubali vifaa vya mlango huo peke yake; akishirikisha wenzake, inakatwa. Jina lifike kabla ya Ijumaa saa nne. Lisipofika, zawadi imekufa."

"Na wawili wanaobaki?" fundi akauliza.

"Kila mmoja anunue ya kwake. Bei ya bango."

Wale waliochanga kila kitu wakatazamana.

"Bila daftari langu," Tusajigwe akaanza, "mngeenda kamati na nini? Na malalamiko ya mdomo?"

"Fundi, usiniguse mdomo," Lukresia akadakia. "Daftari lako lingezungumza lenyewe siku ile? Dakika mbili zilikuwa zimebaki. Mbili!"

"Mwanangu, ungesema nini kama nisingekupa cha kusema?" Bi Sikudhani akauliza. "Ungewapigia vigelegele? Na mimi mtihani wangu ni mwezi ujao. Nyie mnapoteza wateja. Mimi napoteza miaka mitatu."

"Bi Siku, pole, tena pole sana," Lukresia akajibu. "Lakini mtihani ni siku moja, laini ni mwaka. Na mimi ugali wangu ni wa kila wiki."

"Wangu ni wa kila siku," fundi akasema taratibu, "na nilipima na homa."

Nawaambia ukweli, nimelibishania jambo hili pande zote tatu, na kila upande nilioshika nilishinda. Bila kipimo hakuna ushahidi. Bila jicho hakuna kosa. Bila ulimi hakuna shauri. Ondoa mmoja, Mbiombio wanacheka mpaka leo. Tena msiniambie walipigie kura: kila mmoja atajipigia mwenyewe. Wala msiniambie waisusie, waache laini ife, maana hapo ndipo kampuni inapowataka.

Leo ni Ijumaa, saa tatu na nusu. Fomu iko juu ya cherehani, miwani iko juu ya fomu, na Lukresia, kwa mara ya kwanza tangu ahamie Kihesa, hana la kusema. Mstari wa jina uko wazi. Wewe uliyekaa ukisikiliza tangu mwanzo, shika kalamu. Unaandika la nani, na wale wawili utawatazamaje usoni kesho mkikutana bombani?

Jibu limefunguka?